Kumbukumbu za Likizo Yetu Usambara

Aghalabu watu wanaposikia kwamba mtumishi wa dini aliyetumwa nchi ya mbali amerudi kwao kwa likizo, huwaza kwamba amerudi kupumzika. Na mapumziko, kwa fikira zao, ni kulala mpaka jua lipande, kula vyakula alivyovikosa, na kuketi barazani akisimulia aliyoyaona huku jamaa na majirani wamemzunguka. Mimi, niliyekuwa kwa miaka mingi mke wa mchungaji aliyetoka milima ya Usambara kwenda kulitumikia Kanisa la Ujerumani katika mji wa Wuppertal, nimeijua likizo hiyo kwa sura nyingine, na nimeona inanipasa kuiandika maadamu kumbukumbu yake ingali hai, na baadhi ya wale waliotupokea wangali wapo wa kushuhudia kwamba nisemayo ni kweli.

Habari ya wamisionari wa Ulaya waliokuja kwetu ni mashuhuri, na haina haja ya kurudiwa kwa urefu. Mwaka 1891 Wajerumani wa misheni ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Bethel walifungua kituo chao Mlalo. Kikafuata cha Vuga, makao ya kale ya wafalme wa Kikilindi, ambako Johann Ludwig Krapf alikuwa amefika zamani, mwaka 1848, akapokewa na Kimweri. Na mwaka 1896 kikafunguliwa kile cha Lutindi, kwanza kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, kisha kwa ajili ya wagonjwa wa akili, ambao hutunzwa hapo hata leo. Lisilojulikana sana ni kwamba njia ile, ambayo kwa muda wa karne nzima ilikuwa ya watu wa kuja, siku hizi ina watu wa kwenda pia. Misheni ya Bethel iliungana mwaka 1971 na Rheinische Mission, iliyoasisiwa Barmen mwaka 1828, ikazaliwa Vereinte Evangelische Mission yenye makao yake Wuppertal. Na mwaka 1996 jamii hiyo ikawa ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, ambamo kila kanisa laweza kutuma watu na laweza kupokea. Kwa mlango huo mume wangu alitumwa, nami pamoja naye, tukiwa na watoto wawili, na wa tatu tukajaliwa kumpata huko huko ugenini.

Kazi aliyopewa ilikuwa kuhubiri na kufundisha kama mchungaji yeyote wa usharika, lakini sehemu iliyomaliza siku zake ilikuwa kuwatembelea wazee. Katika nchi ile wazee wengi huishi peke yao, au huishi katika nyumba maalumu za kuwatunzia, nyumba safi, zenye joto wakati wa baridi, zenye chakula kwa saa yake na wauguzi hodari. Na pamoja na neema hizo zote, nimewaona mle watu waliopita miaka themanini ambao juma zima hupita bila ya kushikwa mkono na mtu asiyelipwa kwa kazi hiyo. Mume wangu aliwashika mikono. Aliketi nao, akawasomea Zaburi kwa Kijerumani chenye lafudhi ya Kisambaa, nao wakampenda, hata wakawa wakijua siku yake ya kuja na wakimngojea dirishani. Kila alipotoka kwenda huko nilimwombea heri. Lakini moyoni nilikumbuka kwamba yeye naye ana mama yake mlimani, mjane, na kwamba mama huyo naye ana dirisha.

Likizo ninayotaka kuieleza ilikuja baada ya kukaa ugenini muda mrefu kuliko tulivyokusudia. Basi liliondoka Ubungo alfajiri, likapita Chalinze, likavuka Wami, likafika Segera ambapo njia ya Tanga na njia ya Moshi huachana. Kisha Korogwe, na mashamba ya mkonge yaliyonyoshwa mistari mpaka chini ya mlima. Kisha Mombo, ambapo gari huacha joto la bondeni na kuanza kupanda kwa kujipinda-pinda ukingoni mwa korongo. Pale Soni, penye maporomoko, wauza matunda walilizunguka basi wakiinua vikapu vya mafyulisi na karoti zilizooshwa zikang'aa, na mwanangu wa mwisho, aliyezoea kuona matunda yamefungwa katika plastiki dukani, aliuliza kwa sauti kubwa kama watu hao wote wanatujua, maana waliita kama wanaotujua. Lushoto tulibadili gari, tukapita msitu wa Magamba katika ukungu, na giza lilikuwa limeingia tulipofika nyumbani, upande wa Mlalo, tukakuta taa imewashwa na uwanja umefagiwa.

Sasa, katika desturi zetu, za milimani na za pwani sawasawa, mtu aliyekuwa safarini hawezi kuingia katika furaha ya kurudi kabla hajaingia katika misiba iliyotukia nyuma yake. Ni faradhi isiyoandikwa mahali. Asubuhi yake, baada ya chai, mama mkwe alituita tuketi, akatoa chini ya mto wake daftari la shule lenye jalada lililochakaa, akamkabidhi mwanawe. Ndani yake, kwa kalamu ya risasi na kwa mwandiko wa mjukuu aliyekuwa akisoma shule ya msingi, yaliandikwa majina ya watu wote wa karibu nasi waliofariki tangu tulipoondoka: jina la marehemu, mwezi, nyumba ya msiba, na mbele ya kila jina, neno moja au mawili. Maharage debe. Kuni mzigo mmoja. Mahindi. Shilingi elfu mbili. Sukari. Mume wangu aliyasoma kwa sauti mpaka ukurasa wa pili, kisha akauliza maneno yale ya pembeni maana yake nini, kwa kuwa alidhani ni hesabu za nyumba.

"Hiyo ni rambirambi yenu," mama mkwe alisema. "Kila ulipotokea msiba nilitoa yangu, kisha nikatoa yenu, nikawaambia waandike jina la mwanangu. Mkiulizwa, mwanangu, mlikuwapo."

Mwanamke huyo hakuwa na mali. Alikuwa na shamba la mahindi na maharage lililoning'inia katika mteremko, ng'ombe mmoja wa maziwa, na miti michache ya matunda. Na fedha tulizompelekea kutoka Ujerumani kwa ajili ya dawa na mavazi yake, sehemu yake kubwa, kama tulivyokuja kutambua kwa kulisoma daftari lile, aliitumia kutununulia nafasi yetu katika jamii ambayo kwa miili yetu hatukuwamo. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya kazi ya misheni, vya Wazungu na vya kwetu, na vyote huhesabu wafadhili: jamii zilizochanga, sharika zilizotoa sadaka, ofisi zilizolipa mishahara. Sijaona kitabu kilichomhesabu mama aliyebaki nyumbani akimlipia mwanawe ada ya kuwa mtu wa watu. Walakini bila ya ada hiyo mtumishi aliyetumwa hurudi kwao mgeni, na mgeni hana mahali pa kusimama akawaambia wenyeji neno lolote.

Basi tukaanza kuzunguka. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yetu ya kwanza na ndefu kuliko zote, ingawa masafa yake hayakuwa makubwa, kwani nyumba ziko ng'ambo ya mabonde, na njia zenyewe ni za miguu, za kushuka mpaka mtoni na kupanda tena. Tulitangulia kwa wafiwa wa mbali zaidi katika ukoo, kwa ushauri wa mama mkwe, ili asije mtu akasema kwamba tulianza na wa kwetu. Kila nyumba ilikuwa na mwendo wake mmoja: kupiga hodi, kuketi, kunyamaza, kisha mwenye msiba akaanza habari tangu mwanzo, jinsi ugonjwa ulivyoanza, jinsi mgonjwa alivyochukuliwa Bumbuli au Lushoto hospitali, nani alibaki naye usiku ule, maneno yake ya mwisho kama yalikuwapo, jinsi kaburi lilivyochimbwa katika mvua. Msiba uliokuwa na miaka miwili ulisimuliwa kama wa jana, na machozi yalikuwa ya jana. Hapo hakuna kuharakisha. Mume wangu, ambaye kazi yake ni maneno, alijifunza kuyaacha. Aliomba sala fupi mwishoni, tukaimba ubeti mmoja, tukala makande tuliyoandaliwa, tukaondoka. Jioni tulirudi miguu imechoka kuliko siku yoyote ya kazi tuliyoijua Ulaya.

Nisemeje juu ya watoto? Hili ni jambo ambalo wazazi wengi walio katika utumishi wa mbali hulizungumza kwa sauti ya chini, nami nataka kulisema wazi. Watoto wetu walirudi katika nchi ambayo wazazi wao waliiita nyumbani, na wao wakaikuta ngeni. Kiswahili walikijua kwa kiasi cha mezani. Kisambaa hawakukijua, na bibi yao, ijapokuwa Kiswahili alikijua, huzungumza Kisambaa panapokuwa na mapenzi au hasira. Mdogo aliliogopa giza la nje na alikataa kwenda chooni usiku mpaka afuatane na watu wawili. Wa kati, mvulana, alifurahia kila kitu kwa siku chache, kisha akaugua tumbo, kisha akauliza tutaondoka lini. Kifungua mimba wetu, msichana aliyekuwa akiukaribia ujana, alinyamaza; na kunyamaza kwake kulinitia hofu zaidi kuliko malalamiko ya wenziwe.

Katika sharika mbili za mwanzo tulizoalikwa kuhubiri tulikwenda sote. Wenyeji, kwa mapenzi makubwa, waliwaita watoto mbele ya madhabahu wawasalimu watu kwa Kijerumani na waimbe wimbo wa huko. Watu wakapiga makofi na vigelegele, na akina mama wakawashika nywele na mashavu. Njiani tulipokuwa tukirudi, binti yangu aliniambia, "Mama, mimi sina neno la kusema ambalo watu hawa wanalihitaji. Wewe na baba mnalo." Nilimsimulia mama mkwe usiku ule, tukiwa jikoni. Akachochea moto, akasema, "Niachieni hawa. Ninyi nendeni mkafanye kazi yenu. Hata uso sijawatazama vizuri, mnawatembeza."

Tukawaacha. Kuna watu waliotulaumu kwa jambo hilo, wakisema familia ya mchungaji ni lazima ionekane pamoja. Na ni kweli kwamba katika Kanisa letu familia ya mchungaji ni mali ya watu kwa kiasi fulani, na hapana ubaya katika hilo. Lakini mtoto aliyetolewa shule, rafiki na lugha yake kwa muda wa likizo, hawezi kupata kwao kwa kutazamwa na halaiki. Hupata kwao kwa kupewa kazi. Mama mkwe aliwapa kazi: majani ya ng'ombe, maji, kupepeta maharage, kumsomea Biblia kwa sababu macho yake yalikuwa yamefifia. Tuliporudi kutoka safari ya sharika za mbali, nilimkuta kifungua mimba ameketi kizingitini na lile daftari magotini, bibi yake akimwambia maneno, yeye akiyaandika. Jirani mmoja alikuwa amefariki tulipokuwa hatupo. Binti yangu alikuwa amekwenda mazikoni na bibi yake, amechukua kuni kichwani pamoja na wasichana wa mtaa, na sasa alikuwa akiandika: jina, mwezi, nyumba, na pembeni, kwa mwandiko wake wa shule ya Kijerumani, kuni mzigo mmoja. Sikumwuliza kitu. Tangu siku hiyo alisema.

Safari za sharika nazo zilikuwa na utamu wake, na haifai nizipite kana kwamba zilikuwa mzigo mtupu. Tulikwenda Bumbuli, Vuga, Soni, tukashuka Korogwe, tukafika sehemu ambazo barabara iliishia na viongozi wakatungojea na pikipiki. Kila mahali watu walitaka kujua mambo mawili: theluji ikoje, na kama ni kweli kwamba mji wa Wuppertal una gari la abiria linaloning'inia kwenye reli juu ya mto. Ni kweli, tulisema. Limekuwa likibeba watu juu ya mto Wupper tangu mwaka 1901. Kisha, baada ya kucheka na kustaajabu, aliinuka mzee au mama mmoja akauliza swali la tatu, ambalo ndilo lililokuwa swali: huko walikotoka walioleta Injili, makanisa yanajaa?

Hapo mume wangu alipima maneno yake, na mimi nilijivunia jinsi alivyoyapima. Ingalikuwa rahisi kuwapa watu walichokitarajia, kwamba Ulaya imemsahau Mungu na sasa inatungojea sisi tuiokoe. Kila mkutano ungalisimama na kushangilia. Wamisionari wengi wa zamani, walipokuwa likizo kwao, waliwaeleza wafadhili habari za wazee wetu kwa namna ya kuwafanya waonekane viumbe wa gizani, ili sadaka iongezeke. Na kama sisi tulichukizwa tuliposoma taarifa hizo, haitujuzii kuwalipa wajukuu wao kwa kipimo kile kile. Alisema yaliyo kweli: kwamba makanisa mengi huwa na watu wachache Jumapili, na wengi wao ni wazee, kwamba hao wachache huimba kwa imani na hutoa kwa ukarimu, kwamba katika nchi hiyo mgonjwa wa akili, kiziwi na kilema hutunzwa kwa heshima ambayo sisi bado hatujaifikia, na kwamba kuna upweke. Aliwaeleza juu ya wazee wa dirishani. Watu walinyamaza, na mara nyingi aliyenyamaza kwa muda mrefu zaidi alikuwa mzee.

Katika usharika mmoja, baada ya ibada, tulisimama nje kwa duara kama ilivyo ada, kwaya ikaimba, na mnada wa sadaka za mavuno ukaanza. Mzee wa kanisa aliinua mikungu ya ndizi, miwa, jogoo aliyefungwa miguu, kila kimoja kikapata bei yake. Kisha akainua kisahani chenye mayai matatu. Yalikuwa ya ajuza aliyesimama nyuma kabisa, amejitanda kanga iliyopauka, na mzee akatangaza kwamba mwenyewe ameomba fedha zake ziwe za wale wazee wa Ujerumani wasio na mtu wa kuwatembelea. Mayai yale yalinunuliwa, yakarudishwa. Yakanunuliwa tena kwa bei ya juu zaidi, yakarudishwa. Mwalimu mmoja akayanunua mara ya tatu, akatukabidhi sisi. Nimekuwapo katika mikutano ya Ulaya iliyochanga fedha nyingi kwa ajili ya Afrika, na nimeshukuru kwa kila senti, kwa maana najua ilijenga nini. Lakini huyo ajuza alimwona Mjerumani asiyemjua kuwa ni mtu wa kuhurumiwa, jinsi yeye mwenyewe alivyohurumiwa maisha yake yote, akamtolea alichonacho. Na ushirika wa makanisa ambao wakuu wetu waliutia sahihi mwaka 1996, mimi nilianza kuusadiki siku ile.

Ilikuwa imebaki safari yangu mwenyewe. Mimi ni mtu wa Bonde, na baba yangu alifariki nilipokuwa Wuppertal. Nilipata habari kwa simu, asubuhi ya siku ya kazi, nikiwa nimesimama jikoni, na kwa sababu za nauli, vibali na mtoto mchanga, sikuweza kuja. Tulishuka mpaka Muheza, mume wangu na mimi na watoto wote watatu, wakati wa machungwa. Baba alikuwa Mwanglikana, mtoto wa misheni kongwe ya Magila, na amelala huko, si mbali na Kanisa la Msalaba Mtakatifu alikobatizwa. Ndugu zangu walikuwa wamelisakafia kaburi. Niliketi pale mpaka nikaona nimeketi vya kutosha. Sitaandika zaidi juu ya saa hiyo.

Kutoka hapo tulikwenda Tanga kwa mjomba wangu, ndugu wa mama, Mwislamu mcha Mungu aliyeishi Ngamiani, ambako mitaa hutajwa kwa namba za barabara. Katika familia zetu za Tanga hakuna anayestaajabia kwamba dada alibatizwa na kaka akabaki msikitini. Waliozaliwa pamoja huzikana pamoja. Alituketisha barazani, akaleta kahawa chungu na kashata, akanipa pole ya baba kwa utaratibu wote, kana kwamba sikuchelewa, akaniarifu kwamba siku ya arobaini ya shemeji yake, ingawa marehemu alikuwa wa dini nyingine, alikuwa amepeleka mchele Magila kwa watu waliokusanyika. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Mkwe, nimesikia huko mnakokaa wazee huwekwa nyumba moja."

"Ni kweli, mjomba."

"Wana watoto wao?"

"Wengi wanao. Wengine wako mbali kwa ajili ya kazi."

Mjomba alizungusha kikombe mkononi. "Kama ninyi," akasema, bila ya lawama yoyote, na alipoona tumenyamaza aliongeza kwa upole, "Basi ifanyeni hiyo kazi vizuri, ili na Mungu awaletee wazee wenu mtu."

Maneno yake yamekaa nami kuliko hotuba nyingi. Mwaka mmoja kabla ya likizo ile, tulikuwa tumekwenda Korntal, karibu na Stuttgart, ambako Johannes Rebmann alifia. Huyu alifika pwani yetu mwaka 1846, mwaka 1848 akawa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro, na alikaa Rabai na pande zile mpaka mwaka 1875, bila ya kurudi kwao Ulaya hata mara moja. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866. Alipoondoka hatimaye alikuwa amepofuka, na aliyemshika mkono mpaka Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Mwaka uliofuata akafa. Watu humsifu kwa kustahimili, nami namheshimu. Lakini nilipokuwa pale Korntal nilifikiri juu ya wale aliowaacha Ujerumani kijana, na jinsi alivyowarudia akiwa hawezi hata kuziona nyuso zao. Kadhalika Mary, mke wa David Livingstone: mwaka 1852 alipakiwa melini Cape Town pamoja na watoto wanne kwenda Uingereza, nchi ambayo haikuwa kwao kwa lolote ila kwa jina, akaishi huko kwa dhiki akihama nyumba hata nyumba, mpaka mumewe aliporudi mwishoni mwa mwaka 1856 akapokewa kwa shangwe na taifa zima. Taifa lilimpokea yeye. Miaka ile minne ya mkewe haikupokewa na mtu.

Naitaja mifano hiyo kwa kuwa makanisa yetu, ambayo zamani yalikuwa ya kupokea wamisionari, sasa yanatuma watu wake, wengine Msumbiji na Kongo, wengine mpaka Ujerumani; na naona tunaelekea kurithi pamoja na kazi ya wale wa kale hata namna yao ya kuwasahau watu wa nyumbani. Mtumishi hurudi, na kabla hajafungua mizigo ameandikiwa ratiba ya mimbari kila Jumapili na semina katikati ya juma. Hiyo si ratiba mbaya, na watu wana haki ya kumsikia, kwa sababu wao ndio waliomtuma na wao ndio wanaomwombea. Lakini haki ya kwanza si yao.

Mama mkwe alifariki miaka michache baadaye. Safari hiyo mume wangu aliwahi kuja, na binti yetu, aliyekuwa sasa msichana mkubwa, aliomba kuja naye kwa akiba yake mwenyewe. Jina la bibi yake aliliandika yeye katika daftari, na nyumba zilizoleta kuni zilikuwa nyingi hata pakakosekana mahali pa kuzipanga.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa makanisa yetu, na jamii zote zinazowatuma watu mbali na kwao: mwezi wa kwanza wa likizo ya mtumishi na mkewe msiupangie kitu. Hesabuni nauli za misibani pamoja na tiketi za ndege, kwa sababu nazo ni nauli za kazi. Waacheni watoto wao kwa bibi zao. Kisha, mwezi ukiisha, waiteni mimbarini, nao watakuwa na la kuwaambia.